Aliyeshika Kiboko

Katika wiki ya mwisho ya Novemba 1964, uwanja wa ndege wa kambi ya Kamina haukulala. Makomandoo wa Kibelgiji walikuwa wametua hapo wakitokea kisiwa cha Ascension, ndani ya ndege za mizigo za jeshi la Marekani, na alfajiri ya tarehe 24 wakaruka kwenda Stanleyville, yaani Kisangani ya leo, kuwatoa mateka walioshikwa na waasi wa Simba. Siku mbili baadaye wakaenda Paulis, mji ambao sasa unaitwa Isiro. Wakaokoa watu kwa mamia, wengi wao Wazungu, kisha wakarudi Kamina na kufunga virago. Isiro ikabaki kwa Simba. Tarehe 29 masista wa shirika la Jamaa Takatifu walipakiwa kwenye lori huko Bafwabaka, wakapelekwa kwenye mji uleule ambao makomandoo walikuwa wameuacha. Usiku wa kuamkia Desemba 1 aliuawa mmoja wao, sista wa miaka 24, Anuarite Nengapeta.

Papa Yohane Paulo II alimtangaza mwenyeheri mjini Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985. Picha yake Wakatoliki wa Kongo wanaijua: uso wa msichana, shela ya sista, macho yenye utulivu. Imechapwa kwenye kadi za sala, kwenye kalenda, kwenye vitenge vya akina mama. Ni picha ninayoipenda. Lakini itazame vizuri, hutakuta ndani yake kitu hata kimoja cha usiku ule wa Isiro. Lori halipo. Nyumba walimofungiwa haipo. Sista mwenzake, aliyepigwa usiku huohuo hadi akavunjika mkono, hayupo. Hayupo kanali aliyetaka kumchukua kwa nguvu, akakataliwa, akampiga, akawaita askari wamchome visu vya bunduki, kisha akamfyatulia risasi. Mgeni asiyejua habari hii angedhani anaonyeshwa picha ya sista siku ya nadhiri zake.

Mchoraji wa Ulaya wa karne ya 16 asingeyaacha hayo nje. Kwake yeye picha ya shahidi bila muuaji ilikuwa kazi iliyoachwa njiani. Nataka tukae kidogo na wachoraji wale, kwa sababu walichokijua wao kimepotea katika makanisa yetu ya Katanga, na kwa maoni yangu kimepotea kwa hasara.

Kisa kinaanzia Ubelgiji, au nchi ambayo baadaye ingeitwa Ubelgiji. Tarehe 1 Julai 1523, kwenye uwanja mkuu wa Brussels, watawa wawili wa shirika la Mtakatifu Augustino, Hendrik Vos na Jan van Essen, walichomwa moto kwa kushika mafundisho ya Martin Luther. Walitoka monasteri ya Antwerp. Ndio watu wa kwanza kuuawa kwa ajili ya Matengenezo ya Kanisa. Luther alipopata habari aliwatungia wimbo, na vijitabu vya kifo chao vikasambaa Ujerumani yote. Kwa hiyo Brussels, mji ambao Kongo ingetawaliwa kutoka kwake, ulikuwa na majivu ya mashahidi wake karne nyingi kabla ya kutuma mmisionari hata mmoja kwetu. Nayo Antwerp, bandari ambako mapadre na makarani walipandia meli za kuja Boma na Matadi, ilikuwa kiwanda kikubwa cha picha za mashahidi wa pande zote mbili.

Nasema pande zote mbili kwa sababu kila upande ulikuwa na wafu wake. Waprotestanti waliokuwa wakivunja sanamu za watakatifu makanisani, kama walivyofanya Antwerp mwezi Agosti 1566, hawakuona ubaya kuchapa picha za watu wao wakiungua. Wakatoliki waliowachoma watu hao walilia kwa uchungu mapadre wao walipokatwa vipande London. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Twende kwanza Rumi. Kuna kanisa la mviringo liitwalo Santo Stefano Rotondo, na ukutani, kuzunguka jengo lote, mchoraji Niccolò Circignani na wenzake walichora mwaka 1582 mfululizo wa mateso ya Wakristo wa kale. Kanisa lilikuwa la seminari ya Wajesuiti iliyolea vijana wa Kijerumani na Kihungari. Vijana hao walijua watarudi katika nchi zilizogeuka kuwa za Kiprotestanti, na huenda wakafia huko. Waliletwa wasali mbele ya kuta hizo. Sogea karibu na picha yoyote. Mbele kabisa kuna mwili unaokatwa, kuchemshwa au kupondwa. Nyuma yake, katika mandhari yenye vilima na majengo, mauaji mengine yanaendelea, madogo madogo, kana kwamba ni shughuli za siku ya kawaida. Pembeni ya kila tukio kuna herufi: A huku, B kule, C mbali karibu na upeo wa macho. Chini kuna maandishi kwa Kilatini na Kiitaliano yanayoeleza A ni nani, B alifanywa nini, na mfalme yupi alikuwa akitawala. Ukisimama hapo huwezi kulia tu ukaenda zako. Unalazimika kusoma, kurudisha jicho juu, kutafuta herufi, na kuona mkono uliofanya kazi ile na jina la aliyeuamuru.

Circignani alichora pia katika chuo cha Waingereza hapo Rumi, safari hii wafu wa juzi tu. Kati yao alikuwa Edmund Campion, Mjesuiti aliyenyongwa na kukatwa vipande London tarehe 1 Desemba 1581, tarehe ileile ya Anuarite, miaka 383 kabla yake. Picha za ukutani hazipo tena, lakini Giovanni Battista de Cavalieri alizichonga kwenye bamba za shaba mwaka 1584, na kwa njia hiyo zikasafiri kuliko ukuta wowote. Humo unamwona Campion akinyoshwa kwenye mashine ya mateso, akiburutwa barabarani na farasi, akining'inizwa. Maofisa wa Malkia Elizabeth wapo, wamevaa kofia na kola za mtindo wa mwaka huo. Mtazamaji wa 1584 hakuhitaji kuuliza ni watu gani.

Picha za namna hii ziliwauma waliochorwa. Richard Verstegan, mchapaji Mkatoliki aliyeikimbia Uingereza, alipozitoa Paris, balozi wa Uingereza alimshtaki kwa wakuu wa Ufaransa, naye Verstegan akatiwa ndani. Alipotoka hakuacha. Mwaka 1587, akiwa Antwerp, alitoa kitabu kizima cha picha za ukatili wa Waprotestanti wa Uingereza, Ufaransa na Uholanzi, nacho kina herufi zilezile za A, B, C.

Upande wa pili alikuwepo John Foxe. Mwaka 1563 mchapaji John Day alimtolea kitabu kikubwa cha mashahidi wa Kiprotestanti wa Uingereza, kilichojaa picha za mbao, na toleo la 1570 likawa na picha zaidi ya 100. Mwaka 1571 maaskofu wa Uingereza waliagiza kitabu hicho kiwekwe katika makanisa makuu. Picha inayokumbukwa zaidi ni ya Latimer na Ridley wakiungua Oxford mwaka 1555, maneno yakiwatoka midomoni kwenye utepe, na mbele yao mhubiri aliye mimbarini akiwahukumu. Mimi inayonishika ni nyingine, iliyo duni kwa ufundi. Ni ya Edmund Bonner, askofu wa London, ndani ya bustani yake ya matunda. Amevua joho. Mwili wake ni mkubwa, fito ziko mkononi, na mbele yake mfungwa ameinamishwa, makalio wazi, anachapwa. Askofu mwenyewe anachapa. Inasimuliwa kwamba Bonner alipoonyeshwa picha ile alicheka, akashangaa mchoraji aliwezaje kumpatia hivyo. Alikufa gerezani mwaka 1569. Jina lake halikusafika tena, na kilichomfunga milele ni kile kipande cha mbao kilichochongwa na mtu ambaye hatumjui hata jina.

Tuje Kamina. Wamisionari Wakatoliki wa sehemu hii ya Katanga walikuwa Wafransisko wa Kibelgiji, wengi wao Waflandria. Placide Tempels, aliyeandika kile kitabu chake cha falsafa ya Kibantu kilichotoka mwaka 1945, alikuwa mmoja wao na aliishi Kamina. Padre Guido Haazen, aliyeunda hapa ile Missa Luba na kwaya yake ya Les Troubadours du Roi Baudouin, iliyoimbwa mwaka 1958 na kusikika dunia nzima, alikuwa mmoja wao pia. Shirika lao lilikuwa na mashahidi wa zama zile za Matengenezo. Tarehe 9 Julai 1572, mjini Brielle, Uholanzi, wapiganaji wa Kikalvini waliwanyonga watu 19 waliowakamata Gorkum, 11 kati yao Wafransisko. Papa Pius IX aliwatangaza watakatifu mwaka 1867, na mwaka huohuo Cesare Fracassini akachora kifo chao kwenye turubai kubwa iliyoko Vatikani. Mabaki yao yako Brussels, katika kanisa la Mtakatifu Nikolasi. Mfransisko kijana aliyepanda meli kuja Kongo alizijua kamba zile za Gorkum tangu unovisi. Alijua pia ni nani aliyezifunga.

Ndiyo maana inanishangaza kwamba mtindo ule wa kuonyesha haukuhamia hapa pamoja na sala. Ngoma ya Kiluba ilipata nafasi ndani ya misa. Mauaji yetu hayakupata nafasi ukutani. Na si kwamba yalikosekana. Tarehe 1 Januari 1962, huko Kongolo, kaskazini ya Katanga, wanajeshi waliwaua wamisionari 20 wa Shirika la Roho Mtakatifu kwa siku moja.

Sababu mojawapo naiona kwa Isidore Bakanja. Alikuwa kijana wa Mkoa wa Ikweta, fundi mwashi, aliyebatizwa mwaka 1906. Alikwenda kufanya kazi Ikili kwenye kampuni ya Kibelgiji iliyovuna mpira na pembe, akawa anawafundisha wenzake sala. Msimamizi Van Cauter, ambaye wenyeji walimwita Longange, hakutaka kusikia mambo ya dini. Alimwamuru Bakanja avue skapulari ya Bikira Maria. Bakanja hakuivua. Mwaka 1909 akachapwa kwa kiboko cha ngozi ya tembo chenye misumari, zaidi ya mapigo mia, mgongo ukafunguka. Aliishi miezi kadhaa akioza, akafa tarehe 15 Agosti 1909. Kabla ya kufa alisema amemsamehe Mzungu yule na atamwombea.

Sasa fikiria. Nani angechora jambo hilo na kulitundika kanisani, mwaka 1920 au 1950, chini ya serikali ambayo askari wake walichapa watu kiboko kila siku? Shahidi huyo alikuwa Mkatoliki, na aliyemuua alitoka nchi ya mapadre wenyewe. Foxe angefurahi kumpata Van Cauter. Verstegan asingelala kabla hajamchonga kwenye shaba. Kongo ya Kibelgiji haikuweza. Bakanja alisubiri hadi tarehe 24 Aprili 1994 kutangazwa mwenyeheri, na katika picha nyingi tulizopewa amesimama mzima, skapulari shingoni, rozari mkononi, ngozi yake haina hata alama. Tunaambiwa alichapwa. Hatuonyeshwi aliyemchapa.

Wa kumwonyesha alijitokeza nje ya kanisa. Katika miaka ya 1970, sebule nyingi za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi zilikuwa na mchoro ambao watu wa Katanga waliuita Colonie belge. Ulichorwa kwa rangi za dukani kwenye kitambaa cha gunia la unga. Uwanja wa gereza. Mtu amelazwa kifudifudi, suruali imeshushwa. Askari Mwafrika ameinua kiboko. Kando yake amesimama Mzungu wa serikali, kofia ngumu kichwani, anatazama, na bendera ya Ubelgiji inapepea. Wanawake wamekuja na chakula cha wafungwa, wanasubiri. Ukiuweka mchoro huo karibu na bustani ya Bonner, kazi inayofanywa ni moja, ingawa sidhani kama kuna mchoraji wa Lubumbashi aliyewahi kukiona kitabu cha Foxe. Kuna mwili ulioinamishwa, kuna mkono ulioinuliwa, na kuna mwenye amri, amechorwa vizuri kiasi kwamba angejitambua.

Mkubwa wa wachoraji hao kwangu ni Tshibumba Kanda-Matulu, aliyezaliwa Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1947. Mwaka 1973 alikutana na Johannes Fabian, mtafiti aliyekuwa akifundisha chuo kikuu cha Lubumbashi, na kwa muda wa mwaka mmoja hivi akamchorea historia nzima ya nchi, michoro ipatayo 100, akiieleza mmoja mmoja kwa Kiswahili cha Katanga huku kinasa sauti kikizunguka. Leo michoro hiyo iko Amsterdam. Aliandika maneno juu ya turubai zake, majina, tarehe, mahali, vilevile kama wachongaji wa Antwerp na Rumi, na kwa sababu ileile: hakutaka mtazamaji apate upenyo wa kusema hakuelewa.

Katika mchoro wa kifo cha Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, aliyeuawa pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito nje ya Elisabethville tarehe 17 Januari 1961, miili mitatu imelala chini, na kwa mbali nyuma yake imesimama misalaba mitatu. Tshibumba alimwambia Fabian waziwazi kwamba kwake Lumumba ni Yesu wa nchi hii. Kuna mapadre watakaokunja uso, nami nawaelewa, kwani Lumumba hakuuawa kwa kukiri imani. Lakini Mluba wa Kamina mwenye umri wa kukumbuka, ambaye kijiji chake kilichomwa na majandarma wa Tshombe, kiongozi wa Katanga iliyojitenga, kwa sababu watu wake walimfuata Jason Sendwe na chama chake cha Waluba, Balubakat, hahitaji kufafanuliwa misalaba ile inafanya nini pale.

Hata mabaki yalikuwepo. Jino la Lumumba, ambalo polisi wa Kibelgiji alijiwekea baada ya mwili kuyeyushwa kwa asidi, lilikabidhiwa kwa familia yake tarehe 20 Juni 2022 katika Kasri la Egmont, Brussels. Kasri hilo lina jina la ukoo wa Lamoral, mtemi wa Egmont, aliyekatwa kichwa kwenye uwanja mkuu wa mji huo tarehe 5 Juni 1568 kwa amri ya mtawala wa Kihispania. Frans Hogenberg alichapa picha ya mauaji hayo. Jukwaa, vikosi vya askari, mwenye upanga, vyote vimo. Uwanja wenyewe ndio ule wa Vos na van Essen.

Kuna hoja nzito dhidi ya haya ninayoyasema, na nimeisikia kwa watu ninaowaheshimu. Anuarite alimsamehe aliyemuua. Mwaka 1985 papa, mbele ya umati wa Kinshasa, alimsamehe kanali yule kwa jina la Kanisa lote. Kwa nini basi tumchore na kumrudisha kila Jumapili? Picha za karne ya 16, watasema, ziliongeza kuni. Kila bamba la Verstegan lilimfanya Mkatoliki amchukie jirani yake Mprotestanti, na kila ukurasa wa Foxe ulifanya kinyume chake. Hilo ni kweli. Kamina ni mji wa Wakatoliki na Wamethodisti wanaozikana na kuoana, na sitaki picha itakayoharibu hayo.

Jibu langu liko katika picha moja ya mwaka 1685. Jan Luyken wa Amsterdam alichonga picha 104 kwa ajili ya kitabu cha mashahidi wa Waanabaptisti, wale ambao Wakatoliki na Waprotestanti wote waliwaua. Ndugu zao wa leo, Wamenoni, ni wengi huko Kasai, jirani zetu wa magharibi. Moja ya picha hizo ni ya Dirk Willems wa Asperen. Mwaka 1569 alitoroka kifungoni kwa kamba ya matambara, akavuka maji yaliyoganda kuwa barafu. Kwa kukonda kwa chakula cha gerezani, barafu ilimbeba. Askari aliyemfukuza ilimmeza. Dirk akageuka, akarudi, akamvuta nje. Askari akataka kumwachia, lakini mkuu wa mji alimpigia kelele kutoka ukingoni akimkumbusha kiapo chake. Dirk akakamatwa, akachomwa moto tarehe 16 Mei.

Luyken hakuchora moto. Amechora barafu iliyopasuka, mtu aliyezama hadi kifuani mikono ikitapatapa, na Dirk ameinama juu yake, mikono yote miwili imenyooshwa kumshika. Ukimwondoa askari kwenye picha hiyo unabaki na mtu anayeinamia maji. Msamaha wenyewe unaondoka pamoja naye. Luyken aliona kwamba msamaha hauonekani kwa macho mpaka anayesamehewa awe ndani ya picha, na uso wake, na kosa lake likiwa bado mkononi.

Hivyo ndivyo ningependa Anuarite achorwe, na mchoraji wa Kamina ndiye ningependa apewe kazi hiyo, akitumia rangi za dukani na gunia la unga ikiwa hapana budi. Yumo Anuarite, na yumo sista aliyevunjwa mkono, ambaye alibaki hai akasimulia. Nyuma kuna lori la Bafwabaka, na pembeni angani ndege zinazorudi Kamina, maana nazo ni sehemu ya habari. Mbele kabisa asimame kanali, amechorwa kwa uangalifu uleule aliochorewa Bonner, na Anuarite amtazame usoni. Halafu pawekwe herufi, A, B, C, na chini yake maelezo kwa Kiswahili na Kiluba, yenye majina.